Insha iliyopata alama 24 si yangu

Mshauri wetu,

Assalamu alaykum. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa kisiwani Lamu, mama wa watoto watatu, na umri wangu ni miaka 41. Nilipata cheti cha ualimu cha P1 mwaka 2006 na tangu hapo sijaondoka darasani isipokuwa kwa likizo za uzazi. Somo langu ni Kiswahili. Mtaani kwetu wazazi wananijua kuwa ni mwalimu wa insha, na miaka yote ya KCPE, ule mtihani wa kumaliza shule ya msingi, mpaka ulipofanywa wa mwisho mwaka 2023, watoto wangu walikuwa wakifanya vizuri katika ile insha ya alama 40. Nayasema haya si kwa kujisifu, bali upate kujua ni mtu wa namna gani anayekuandikia.

Mwaka jana niliamua kurudi kusoma. Nilijiandikisha kwa shahada ya elimu katika chuo kikuu ambacho sitakitaja, chenye kituo Malindi, kwa mpango wa walimu walio kazini. Tunasoma shule zinapofungwa: Aprili, Agosti na Desemba. Navuka kwa boti hadi Mokowe, napanda basi linalopita Witu na Garsen, kisha nafikia kwa dada yangu Shella, ile ya Malindi, si Shela yetu ya huku. Masomo mengi ni kwa Kiingereza, lakini liko moja la misingi ya kufundisha Kiswahili ambalo husomwa na kuandikwa kwa Kiswahili, nami nilidhani hilo nitalipita nikiwa nimefumba macho.

Insha yangu ya kwanza niliiandika kama ninavyowafundisha watoto. Nilifungua kwa methali, nikapamba, nikamalizia kwa wosia. Ilirudi na alama 11 kati ya 30. Pale nilipoandika “Wahenga hawakukosea waliponena”, mhadhiri alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: “Wahenga gani? Mwaka gani? Ukurasa upi?” Nilipoandika “Ni wazi kwamba”, aliandika: “Wazi kwa nani?” Na chini kabisa: “Lugha tamu, lakini hoja hazina ushahidi. Hakuna marejeleo.” Wenzangu, wengi wao wadogo kwangu kwa miaka 10 na zaidi, walikuwa wakilinganisha alama zao. Mimi niliikunja karatasi ile mara nne, na nilipofika nyumbani nikaitia chini kabisa ya kasha la marehemu mamangu.

Insha ya pili ilihusu mchango wa Vygotsky, yule mwanasaikolojia wa Kisovieti, katika kufundisha stadi ya kuandika. Mtoto wa kaka yangu anakaa Malindi, ana shahada na hana ajira, na riziki yake ni kuwaandikia insha wanafunzi wa ng'ambo wanaomlipa kwa dola. Aliniona nimekaa usiku mbele ya karatasi tupu, akaniambia, “Shangazi, hii ni kazi ya saa tatu kwangu, wewe lala.” Nikalala. Asubuhi nikaikuta tayari. Aliiandika kwa Kiingereza kisha akaitafsiri kwa programu ya kompyuta, na Kiswahili chake kilikuwa kimevunjika viungo, kwa hivyo nilikaa nikakinyoosha sentensi kwa sentensi. Kisha nikaandika jina langu juu.

Ilipata 24 kati ya 30, alama ya juu kuliko zote. Mhadhiri alinisimamisha akasema, “Mwalimu, umeandika Vygotsky, 1978. Waeleze wenzako, mtu aliyefariki mwaka 1934 aliandikaje mwaka 1978?” Darasa likacheka, nami nikacheka, nikajibu kwamba labda ni kosa la uchapaji. Alinitazama kwa muda, kisha akasema nikirudi Desemba nipite ofisini kwake na insha ile pamoja na karatasi zangu za maandalizi. Karatasi za maandalizi sina.

Niliporudi Lamu, kijana mmoja wa Gredi ya 6 aliniletea insha ya mashindano ya mashua, nzuri kupita kiasi. Nilijua kwa mstari wa kwanza kuwa si yake. Nikamsimamisha aisome. Alipofika kwenye neno “taharuki” alikwama, nikamwuliza maana yake, akatazama sakafu. Siku zote mtoto kama huyo huwa namtoa nje, nami huwa na maneno ya kumwambia. Siku hiyo ulimi wangu uligoma. Nikamwambia akae.

Mume wangu anasema niache masomo, kwani mshahara upo na shahada haitanizidishia heshima. Rafiki yangu tunayesoma naye anasema ninyamaze, wangapi wanafanya hivyo. Mtoto wa kaka yangu ameniambia nisihangaike, karatasi za maandalizi pia hutengenezwa. Na mimi nafsi yangu inaniambia niende nikaseme kila kitu, lakini naogopa kufukuzwa, na naogopa zaidi habari kuvuka maji ikafika shuleni kwangu kabla yangu. Desemba haiko mbali. Nifanyeje?

Mwalimu wa insha, Lamu

JIBU

Waalaykumu ssalaam, mwalimu mwenzangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu niliisoma kama msahihishaji, kwa sababu mazoea ya kazi hayamtoki mtu. Nitalirudia hilo mwishoni.

Kwanza nieleze nilivyokuelewa, unisahihishe nikikosea. Ulirudi kusoma ukiwa na jina katika fani yako, na fani hiyo hiyo ndiyo iliyokuangusha mbele ya watu waliokuwa watoto wakati wewe unashika chaki. Katika fedheha hiyo ulipokea msaada ambao hukuuomba lakini hukuukataa. Msaada ule ukakupa alama, na alama ikakupa hofu. Sasa una miadi na mtu ambaye hujui anachokijua, na kwa upande mwingine kuna kijana wa Gredi ya 6 ambaye wewe unajua hasa anachokihisi. Kwa maoni yangu, ni yule kijana aliyekufanya uandike barua hii kuliko mhadhiri.

Kuna mambo kadhaa umeyachukulia kuwa yamethibitika, nami ningependa tuyaguse kidogo kabla hatujafika kwenye Desemba.

La kwanza ni kwamba umeshindwa kuandika. Sivyo ninavyosoma mimi zile alama 11. Kwa karibu miaka 20 umefundisha aina moja ya insha, ile inayotuzwa kwa methali, tashbihi na mianzo ya kuvutia, kwa sababu ndivyo mtihani ulivyotaka na ndivyo wewe mwenyewe ulivyofundishwa. Chuo kikuu kina insha ya aina nyingine ambayo kwa bahati mbaya imepewa jina hilo hilo. Fundi wa kunakshi milango akiombwa aunde jahazi atakuwa na mikono ya ufundi na mbao zilezile, lakini jahazi lake la kwanza litavuja. Lawama nyingine, ukiniuliza mimi, inawahusu wanaowapokea walimu kama wewe mwaka wa kwanza na kuwapa swali la insha kabla ya kuwaonyesha insha moja iliyokwisha kuandikwa, wakaikagua pamoja aya kwa aya.

Tena, kile kilichokuangusha hukijui? Naamini wewe ulisoma chuoni, nikimaanisha chuo cha Kurani, maana kwenu Lamu neno hilo lilikuwa na maana yake kabla ya vyuo vikuu kuja. Huko ulisikia hadithi zikisomwa: fulani amepokea kutoka kwa fulani, naye kutoka kwa fulani, mpaka zikamfikia aliyeyasikia maneno yenyewe. Kuna matini, yaani maneno yenyewe, na kuna isnadi, yaani mnyororo wa waliyoyapokea, na mtu akileta matini pekee, mwanachuoni wa kwanza atakayekutana naye atamwuliza umeipata wapi. “Wahenga gani? Ukurasa upi?” ni swali hilo hilo lililovaa suruali. Jina la mwandishi, mwaka na ukurasa ni isnadi fupi. Tofauti ni kwamba wewe, mwandishi, unatakiwa pia useme unaionaje hoja uliyoipokea, kama inasimama au inayumba unapoipeleka kwenye darasa lako la watoto 50 wasio na vitabu vya kutosha. Hapo ndipo miaka yako inapoingia. Kijana wa miaka 19 anaweza kumnukuu Vygotsky vizuri. Hawezi kusema nini hutokea Jumatatu asubuhi mtoto asiye na daftari anapoambiwa aandike aya.

La pili ulilolichukulia ni kwamba mhadhiri amekugundua. Huenda. Lakini sikiliza jibu la swali lake. Vygotsky alifariki mwaka 1934, ni kweli, na sehemu kubwa ya dunia isiyosoma Kirusi ilimjua kupitia mkusanyiko wa maandishi yake uliotolewa kwa Kiingereza mwaka 1978. Katika marejeleo huandikwa mwaka wa chapisho ulilolisoma wewe, na ndiyo maana marehemu huyo anatajwa kila mahali kana kwamba alikuwa hai mwaka huo. Halikuwa kosa la uchapaji, na wala halikuwa kosa. Wahadhiri wengi hulipenda swali hilo kwa sababu linawafundisha wanafunzi wote jambo moja kwa kicheko, na inawezekana wako humwuliza mtu mmoja kila mwaka. Inawezekana pia alikuuliza kwa sababu alitaka kuona kama umelishika hilo chapisho. Mimi sijui, na wewe hujui, na nakuomba usiyajibu kichwani mwako mazungumzo ambayo hayajafanyika.

Sasa nije kwa mtoto wa kaka yako. Hukumlaumu katika barua yako, na hilo limenipendeza. Alikuona shangazi yake anahangaika, akatoa alichonacho. Kazi anayoifanya wanaifanya vijana wengi wasomi wa nchi yetu, na njaa haijadili. Hata hivyo inafaa ajue kuwa ardhi inasogea chini ya miguu yake: mwaka 2022 Uingereza ilipitisha sheria inayofanya kuwauzia wanafunzi insha kuwa kosa la jinai huko. Yeye ana ujuzi wa kweli. Anajua kutafuta makala, kupanga hoja, kuweka marejeleo. Swali ambalo ningemwuliza kama angekuwa mbele yangu ni kama angeweza kukaa na wewe saa hizo hizo tatu akakuonyesha anavyofanya, badala ya kukuambia ulale.

Na hapa kuna jambo ambalo sikuweza kulisoma bila kutabasamu, unisamehe. Insha ambayo hukuiandika ilikuwa inahusu msaada. Vygotsky alizungumzia ile nafasi iliyopo kati ya anachoweza mtoto akiwa peke yake na anachoweza akiongozwa na anayejua zaidi, na akasema kujifunza hutokea hapo. Miaka zaidi ya 40 baada ya kifo chake, mwaka 1976, watafiti Wood, Bruner na Ross waliufananisha msaada wa namna hiyo na jukwaa la mjenzi. (Kama mtoto wa kaka yako ameandika kuwa neno la jukwaa ni la Vygotsky mwenyewe, basi kaingia katika shimo ambalo wanafunzi wengi wa mwaka wa kwanza huliingia, na ni vizuri ulione wewe kabla hajaliona mwingine.) Umewaona mafundi wa Lamu wakikarabati ukuta wa matumbawe. Hufunga boriti za mikoko kwa kamba, hupanda juu yake, na ukuta ukishasimama boriti hufunguliwa zikapelekwa kwingine. Usiku ule Malindi, mtoto wa kaka yako alijenga nyumba nzima akakukabidhi ufunguo. Lakini asubuhi yake, ulipokaa ukainyoosha sentensi kwa sentensi, nani alikuwa akifanya nini? Silisemi hili kukutakasa. Kulainisha Kiswahili cha hoja ya mtu mwingine hakuifanyi hoja kuwa yako, na wewe unalijua hilo, ndiyo maana hukujivunia. Nalisema kwa sababu katika barua yako umeandika kana kwamba hukuwa na sehemu yoyote katika karatasi ile.

Tuje kwenye njia zilizopo, nami nitakuambia ninavyoziona bila kukuchagulia.

Kunyamaza na kuziandika zilizobaki mwenyewe ni njia ambayo wengi huipita, na sitajifanya siioni. Faida yake ni kwamba hakuna anayeumia leo. Ugumu wake ni kwamba miadi ipo, na ukiitwa kwa karatasi za maandalizi usizokuwa nazo, kunyamaza kutageuka kuwa kusema uwongo kwa mdomo, na hatua hiyo ni nzito kuliko ya kwanza. Alama zako pia zitashuka kabla hazijapanda, maana ndivyo kujifunza kulivyo, na mtu aliyepata 24 akirudi 13 huulizwa. Kuhusu karatasi za kutengeneza, neno langu ni fupi: mpaka sasa una kosa la usiku mmoja la mtu aliyechoka, na karatasi hizo zingekuwa kosa la mchana, lililopangwa.

Kwenda kusema ni njia ambayo nafsi yako inaielekea, lakini sitaki uiendee ukidhani kuwa ukweli siku zote hupokewa kwa kukumbatiwa. Kanuni za vyuo hazifanani. Kwingine insha hupewa sufuri na mwanafunzi akaruhusiwa kuandika nyingine, kwingine somo zima hurudiwa, na kwingine jambo hupelekwa mbele ya kamati ya nidhamu ambako mhadhiri, hata akiwa na huruma, hana tena sauti ya mwisho. Kwa hivyo kabla ya kufungua mdomo, kisome kijitabu cha kanuni ulichopewa ulipojiandikisha, ile sehemu ambayo hakuna anayeisoma. Tazama inasema nini juu ya kazi iliyoandikwa na mwingine, na kama inatofautisha anayejisemea mwenyewe na anayekamatwa. Vyuo vikuu vyetu vingi pia vina ofisi ya mlezi wa wanafunzi yenye washauri; unaweza kuuliza huko bila kutaja jina wala insha. Pima vilevile mizani ya alama: kama somo lenu ni kama mengi ya vyuo vyetu, kazi za katikati ya muhula ni 30 katika 100 na mtihani ni 70, basi hata insha ikipewa sufuri huenda bado ukalipita somo. Fanya hesabu hiyo kwa kalamu. Hofu huwa kubwa zaidi isipoandikwa kwa tarakimu.

Ipo namna nyingine ya kwenda ofisini ambayo hukuitaja. Unaweza kwenda na insha nyingine, yaani uketi kati ya sasa na Desemba, ulijibu swali lile lile la Vygotsky kwa mkono wako, na rasimu zote ukaziweka, hata zilizofutwafutwa. Ukifika mbele ya mhadhiri utakuwa na kitu cha kumwonyesha, uamue hapo utakayosema. Hatari yake ni mbili. Unaweza kushawishika kuzitoa karatasi hizo kana kwamba ndizo za zamani, na hapo umerudi kwenye uwongo kwa mlango wa nyuma. Na unaweza kusema kweli, akaipenda insha mpya, na bado kanuni ikamlazimu aiadhibu ile ya zamani. Lakini nini kitakachokuwa mikononi mwako mwisho wa zoezi hilo, hata mambo yakienda vibaya? Lifikirie hilo polepole.

Kuhusu kuacha masomo, mumeo ana hoja, usiipuuze. Ni kweli kuwa shahada pekee haimpandishi mwalimu daraja moja kwa moja siku hizi, na nauli ya Mokowe hadi Malindi mara tatu kwa mwaka, pamoja na karo, inatoka mfukoni mnaougawana. Hayo mkae myazungumze kama mume na mke. Ninachokuomba ni kimoja, kwamba mazungumzo ya kuacha yasifanyike wiki hii ambapo umevaa aibu, kwa sababu itakuwa vigumu kujua ni nani kati yenu anayesema, wewe au aibu. Je, yeye anaijua habari ya insha? Barua yako haikusema.

Nimemwacha yule kijana wa mashua makusudi. Unasema ulimi uligoma, ukamwambia akae, na huenda unaliona hilo kama ushahidi kuwa umepoteza haki ya kufundisha. Mimi najiuliza kama huenda ilikuwa mara yake ya kwanza kukamatwa bila kuaibishwa, na kama alikwenda nyumbani akishangaa. Bado hajui maana ya “taharuki”. Bado hajaandika insha yake ya mashua, na nina hakika amewahi kuyaona mashindano hayo kwa macho yake, akiwa ameketi ukutani pwani na miguu inaning'inia. Ungeweza kumwita kando na kumwuliza nani aliyeshinda na nani aliyepinduka, ukamwachia kalamu.

Nimekuahidi nitakuambia nilichokiona nilipoisoma barua yako kama msahihishaji. Hukuanza kwa methali. Kila ulichokidai umekileta na ushahidi wake: neno alilolisema mhadhiri, rangi ya wino, alama, mwaka, neno lililomkwamisha mtoto. Uliponiambia Kiswahili cha programu kilikuwa “kimevunjika viungo”, pambo ni hilo moja na limekaa mahali pake. Sikuwa na pa kuandika “Wazi kwa nani?”

Ile insha ya alama 11 bado iko ndani ya kasha. Kabla ya safari ya Desemba, itoe, ikunjue, uisome pamoja na wino wake mwekundu, ukijibu maswali yale pembeni kwa kalamu yako ya kusahihishia. Ukikwama kwenye swali lolote kati ya hayo, niandikie tena, na utaje ni swali lipi.